Akiba ya Pumzi: Mtungi Mdogo wa Mzamiaji na Wajibu wa Jamaa Zake



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, tangu Vanga hadi Kiunga, riziki hutoka baharini. Babu zetu walipiga mbizi kwa pumzi moja ya kifuani. Leo wapo vijana wetu, wa kiume na wa kike, wanaoshuka wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni: huwaongoza wageni kwenye matumbawe ya Watamu, Diani na Wasini, au hukagua vyombo na minyororo ya nanga. Mama humwona mwanawe akitoka alfajiri na mkoba wa vifaa, akamwombea dua, kisha akaendelea na shughuli zake. Aghalabu hajui kilichomo mkobani, wala hajui ni swali gani amuulize.

Wengi wetu tulianza kuitafakari kazi hii mwishoni mwa Septemba 2019, pale gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na mwanawe. Kwa takribani wiki mbili tulisimama ufuoni tukiwatazama wazamiaji wakishuka na kupanda. Gari lilipatikana kwenye kina cha karibu mita 58. Siku zile tuliona kuwa mtu aendaye chini ya maji huiacha hewa ya Mola iliyotapakaa bure juani, akategemea ile tu aliyoibeba.

Makala haya yanahusu hewa ya pili anayopaswa kuibeba, yaani mtungi mdogo wa akiba. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya pumzi huoza, huvuja, huchafuka, na mara nyingine huwa haikuwepo tangu mwanzo ila kwa jina. Ndiyo maana jamaa wa mzamiaji wana haki ya kuijua.

Mtungi wa akiba ni kitu gani

Mwaka 1943, nchini Ufaransa, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kila avutapo pumzi, kwa shinikizo lilingane na la maji yanayomzunguka. Kifaa hicho leo huitwa regulata. Mtungi mkubwa wa kawaida una ujazo wa lita 11 au 12, nao husindiliwa hewa hadi kufikia shinikizo la takribani baa 200. Baa ni kipimo cha shinikizo, nacho utakiona kimeandikwa "bar" kwenye geji. Shinikizo la hewa tuivutayo ufuoni ni baa moja tu.

Mtungi wa akiba ni mdogo zaidi, una vali yake na regulata yake, wala haushirikiani chochote na ule mkubwa. Hewa ikikwisha, mpira ukipasuka au regulata ikigoma, mzamiaji hutia kinywani regulata ya akiba na kuanza kupanda. Kazi yake ni hiyo moja. Haukuwekwa ili mtu akae chini muda mrefu zaidi, wala ili ashuke kina asichokizoea, wala hauchukui nafasi ya mwenza wa kuzamia naye.

Haja yake si ya kufikirika. Uchunguzi wa vifo 947 vya watu waliozamia kwa kujiburudisha, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba miongoni mwa vifo ambavyo chanzo chake cha kwanza kilijulikana, asilimia 41 vilianza kwa kupungukiwa na hewa.

Akiba hupimwa kwa hesabu

Madukani na mitandaoni huuzwa vichupa vyenye ujazo wa nusu lita, vingine hujazwa kwa pampu ya mkono. Matangazo husema vinatosha dakika tano au zaidi. Tufanye hesabu. Nusu lita kwa baa 200 ni lita 100 za hewa. Mtu aliyetulia huvuta takribani lita 20 kwa dakika, kwa hiyo dakika tano ni kweli, akiwa juu ya maji. Akishuka mita 10 shinikizo huwa maradufu, na hewa ile ile humtosha dakika mbili na nusu. Akiwa na hofu huvuta lita 30 kwa dakika au zaidi, na hapo hana hata dakika mbili.

Sasa tuchukue mahali panapojulikana. Mwaka 2002 meli ya Dania ilizamishwa makusudi mbele ya pwani ya Nyali ili iwe makazi ya samaki, nayo imelala kwenye kina cha takribani mita 30. Wazamiaji wengi hushuka huko. Kwenye kina hicho shinikizo ni baa 4, basi kila pumzi moja hula hewa ya pumzi nne za juu. Tuseme mzamiaji aliyeshikwa na hofu anavuta lita 30 kwa dakika. Dakika moja ya kutulia, kushika regulata ya akiba na kumwashiria mwenzake itakula lita 120. Kupanda hadi mita 5, kwa mwendo salama wa mita 9 kwa dakika, kutakula karibu lita 230. Kusimama hapo dakika tatu, kama wanavyofundishwa, kutakula lita 135. Kumalizia safari hadi juu ni lita 20. Jumla ni lita 505.

Kwa hiyo mtungi wa lita 3 uliojazwa hadi baa 200, wenye hewa lita 600, unatosha na kubakisha kidogo. Mtungi wa lita 2, wenye lita 400, hautoshi kwa hesabu hiyo, ijapokuwa utamfaa anayezamia mita 15 au 18. Kile kichupa cha lita 100 hakimtoi Dania. Kitakwisha kabla hajamaliza dakika yake ya kwanza ya kushughulika.

Hatari ya kichupa hicho ni kwamba humpa mtu moyo asiostahili kuwa nao. Mtu asiye na akiba huitazama geji yake kila mara. Mwenye akiba ya uongo husahau. Na kinapomwishia njiani, hukurupuka kwenda juu. Hapo kuna msiba mwingine: hewa iliyomo mapafuni hutanuka kadiri maji yanavyopungua juu yake. Kutoka mita 10 hadi juu, hewa huwa maradufu. Mwenye kubana pumzi akipanda anaweza kupasuka mapafu, hata akitokea kwenye maji ya kina kidogo tu. Kanuni ya kwanza ya uzamiaji wa mitungi ni kutobana pumzi kamwe.

Kujaza: hewa safi, polepole, na kwa kipimo

Hewa ya kupumua hujazwa kwa kompresa maalumu yenye vichujio vya kuondoa mafuta, unyevu na gesi zenye madhara. Kompresa ya fundi wa pancha haifai kabisa: shinikizo lake halikaribii baa 200, na hewa yake ina mafuta. Kadhalika usikubali mtu ajaziwe oksijeni ya hospitali au ya mafundi wa kuchomelea. Oksijeni tupu hugeuka sumu mwilini kwenye kina cha mita chache tu, na ikikutana na mafuta au uchafu ndani ya vali isiyoandaliwa kwa ajili yake, inaweza kuwaka.

Adui mkubwa zaidi hana rangi wala harufu, naye ni kaboni monoksidi, gesi itokayo kwenye moshi wa injini. Kompresa inayoendeshwa kwa petroli, ikiwa mdomo wake wa kuvutia hewa uko karibu na bomba la moshi, huusindilia moshi ule mtungini. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kadiri mzamiaji anavyoshuka ndivyo sumu inavyozidi makali. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kuzamia hakiruhusu zaidi ya sehemu 5 za gesi hii katika milioni moja. Mwenye kujaza mitungi hana budi kubadilisha vichujio kwa wakati na kuipima hewa yake. Kumuuliza lini aliipima mara ya mwisho si utovu wa adabu.

Mtungi mdogo hujaa upesi, na ukijazwa upesi hupata moto. Geji itasoma baa 200 ukiwa wa moto, kisha ukipoa itateremka. Mzamiaji makini hujaza polepole, akauacha upoe, akasoma geji tena kabla ya kuuhesabu kuwa umejaa.

Baadhi ya vijana huhamisha hewa kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa mpira maalumu. Hilo linawezekana, lakini hesabu yake haina huruma. Ukiunganisha mtungi mtupu wa lita 3 na mkubwa wa lita 12 wenye baa 200, hewa itagawanyika hadi yote miwili iwe na baa 160. Mdogo haukujaa, na mkubwa umepungua. Atakayeshuka na jozi hiyo akidhani amejaza yote miwili amejidanganya mara mbili. Mpira huo nao ufunguliwe polepole, kwani hewa ikiingia kwa kishindo huleta joto kali kwenye vali.

Mtungi wowote uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya hewa ya kuzamia. Mtungi wa kizimamoto uliogeuzwa, au wa gesi ya kupikia, usikaribie kompresa. Begani mwa mtungi halali kumechorwa shinikizo lake la kazi na tarehe ya kupimwa. Mitungi itokayo Marekani huandikwa kwa kipimo cha huko; 3,000 ni sawa na baa 207. Desturi ni kukaguliwa ndani kila mwaka, na kupimwa nguvu kwa shinikizo la maji kila miaka 5. Na anayetaka kununua mtungi uliotumika aepuke ile ya alumini iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1990, kwa kuwa mingi ilitokana na mchanganyiko wa madini uliokuja kuonekana kuwa hupata nyufa shingoni.

Kuvaa: uonekane, ufikike, usichanganywe

Mtungi wa akiba hufungwa ubavuni mwa ule mkubwa mgongoni, au huning'inizwa upande wa kushoto wa kifua kwa kulabu mbili. Unaofungwa mgongoni hauachi mkono ufikie vali yake kwa urahisi, kwa hiyo ni lazima ufunguliwe na ujaribiwe kabla ya kuingia majini. Unaoning'inia ubavuni unaweza kufunguliwa na kufungwa na mzamiaji mwenyewe, hata kumkabidhi mwenzake mwenye dhiki.

Regulata yake iwe na rangi ya kuonekana, ya manjano aghalabu, na ikae chini ya kidevu kwa kamba ya shingoni, ishikike hata gizani. Lipo kosa linalojulikana miongoni mwa wazamiaji: mtu huruka kutoka mashuani akiwa na regulata ya akiba kinywani badala ya ile kubwa. Huzamia vyema dakika chache, kisha hewa hukatika ghafla, ilhali geji anayoitazama inaonyesha mtungi umejaa. Dawa yake ni rangi tofauti, geji tofauti, na kuvuta pumzi mara kadhaa kabla ya kuruka huku akitazama sindano ya geji ipi inatikisika.

Uzito nao una hesabu yake. Mtungi wa ziada hubadilisha mizani ya mwili majini, na ule wa alumini huwa mwepesi kadiri unavyokwisha. Siku ya kwanza kuuvaa isiwe siku ya Dania. Iwe siku ya maji tulivu ya mita chache, apunguze au aongeze risasi za mkandani, ajizoeze kubadilisha regulata hadi mkono uzoee bila macho.

Nyumbani

Hapa ndipo jamaa wanapoingia kwa mikono yao wenyewe. Baada ya kazi mtungi huoshwa kwa maji matamu, kwani chumvi hula vali. Huwekwa mahali penye kivuli, mbali na jiko, mbali na watoto, umezuiwa usianguke wala kuviringika. Vali ikigonga sakafu na kukatika, mtungi uliojaa huruka kama kombora. Mtungi wa alumini uliowahi kupata joto la moto usitumiwe tena, hata ukipakwa rangi upya, mpaka mtaalamu auchunguze.

Usiachwe mtupu kabisa. Mtungi mtupu ulio wazi huvuta unyevu wa hewa yetu ya pwani, na wa chuma huota kutu kwa ndani. Kutu hiyo hula oksijeni iliyomo: mtungi uliolazwa miaka na maji ndani yake unaweza kuwa na shinikizo lake na bado hewa yake isimtoshe kiumbe. Kwa hiyo hewa iliyokaa miezi mingi ni bora imwagwe na kujazwa upya. Hivyo ndivyo akiba hii inavyooza.

Safarini

Barabarani, mtungi uliojaa ulazwe na kufungwa imara, usisimamishwe kwenye tuktuk wala kupakatwa juu ya bodaboda. Gari lililofungwa vioo juani si mahali pake. Mashuani ufungwe kwenye mbavu za chombo, kwani wimbi moja hutosha kuutupa juu ya mguu wa mtu. Daima hubebwa kwa kushikwa mwili wake au mpini, si kwa mipira yake.

Kwa ndege mambo ni mengine. Mtungi uliojaa hewa ya shinikizo huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari, na mzamiaji hasafiri nao kama begi la kawaida. Kanuni ya usalama ya viwanja vya ndege vya Marekani, kwa mfano, ni kwamba vali iwe imefunguliwa na kuondolewa kabisa, ili mkaguzi aone ndani ni patupu. Geji inayosoma sifuri haimtoshi. Vali iondolewe na fundi baada ya mtungi kumwagwa wote, mdomo uzibwe vumbi lisiingie, na huko uendako fundi airudishe na kuukagua ndani kabla ya kujaza. Kila shirika la ndege lina masharti yake, basi ulizeni kabla ya kukata tiketi, na jibu mlipate kwa maandishi. Wengi huona afadhali kubeba regulata peke yake na kukodi mtungi wafikapo.

Tuna ndugu zetu walioko Dubai, Maskati na Jidda ambao hupenda kuleta zawadi. Ikiwa zawadi ni mtungi, mwambieni kwanza aulize aina ya kifungo cha vali. Ziko aina mbili kuu: moja regulata hubanwa kwa kibanio kutoka nje, nyingine huingizwa kwa skurubu. Zisipolingana na vifaa vya huku, zawadi itabaki pambo la sebuleni. Aangalie pia tarehe iliyochorwa begani, kwani mtungi uliopitwa na muda wa kupimwa hautajazwa na mtu mwaminifu.

Jambo la mwisho la safari halihusu mtungi bali aliyeubeba. Mwili wa mzamiaji hubaki na naitrojeni iliyoyeyuka damuni, nayo huhitaji saa nyingi kutoka. Akipanda juu angani mapema, hugeuka mapovu na kumletea maradhi makali ya viungo, hata kupooza. Shirika la Divers Alert Network linashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya ndege baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa au siku mfululizo. Tukumbuke kuwa Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kijana aliyezamia asubuhi Diani, akapanda treni ya jioni kwenda Nairobi, amepanda mlima bila kujua.

Maswali ya kumuuliza kabla hajatoka

Mzamiaji wako hakuhitaji umfundishe kazi yake. Anahitaji mtu wa kumkumbusha siku aliyochoka au aliyeharakishwa na mwajiri. Muulize kwa upole:

1. Leo unashuka mita ngapi, na akiba yako ni lita ngapi kwa kina hicho?
2. Umeisoma geji yake leo, ikiwa imepoa, au unakumbuka ya wiki iliyopita?
3. Hewa hii ilijazwa wapi, na kwa kompresa inayovuta hewa kutoka wapi?
4. Mtungi ulikaguliwa lini?
5. Mwenza wako anajua unao, na anajua uko upande gani?
6. Mara ya mwisho kujizoeza kubadilisha regulata ilikuwa lini?
7. Una safari ya ndege au ya bara baada ya kazi hii?

Akijibu yote bila kusita, mpe chai yake na dua njema. Akisita katika moja, heri achelewe siku hiyo. Mwajiri atapata mzamiaji mwingine, lakini nyumba yako haina mwana mwingine mfano wake. Tahadhari ya mja ni sehemu ya kuitunza amana ya uhai aliyopewa, na ulinzi wote ni wa Mwenyezi Mungu. Awarudishe salama wote walioko majini. Amin.